Fenesi la Hajati juu ya Pajero Yangu

Jumatatu, 5 Mei
Mafuta ya injini sawa. Maji ya rejeta sawa. Tairi la nyuma kushoto nimelijaza upepo. Pajero imewaka mara moja. Vijana wa mtaa huu wana magari mapya na kila asubuhi wanayasukuma. Mimi nageuza ufunguo tu. Miaka ishirini na sita nimeendesha lori la jeshi, sikupindua hata moja. Moja tu, na hilo lilikuwa kosa la daraja.

Saa saba nakunywa chai barazani. Kishindo. Nikadhani bomu. Kumbe fenesi. Kubwa kama mbuzi, kutoka kwenye ule mti wa Hajati Zaina unaovuka ukuta wangu bila ruhusa. Limeangukia Pajero. Paa limebonyea kama beseni.

Hajati akachungulia juu ya ukuta. Hakuuliza kama nimekufa. Aliuliza, "Afande, halijapasuka?"

Fenesi lake, ndilo aliloulizia. Nikamwambia hilo sasa ni ushahidi. Nimelifungia ndani ya gari.

Jumanne, 6 Mei
Mvua tangu alfajiri. Maji yanaingia. Ndoo kiti cha mbele, sufuria kiti cha nyuma. Fenesi limekaa katikati kama abiria.

Nimeandika barua kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Karatasi nne zimeharibika, ya tano ikakubali. Nataka mambo mawili. Mti ukatwe. Hajati atengeneze paa.

Mwanangu amepiga simu kutoka Jinja. Ati baba, uza hiyo gari kwa watu wa vyuma vikuukuu. Nimemkatia. Anajua nini? Hapa mtaani Kyebando wananiita Afande kwa sababu ya gari hii. Nikitembea kwa miguu mimi ni mzee tu, kama wazee wengine wanaokohoa njiani.

Alhamisi, 8 Mei
Kesi ya kwanza. Banda la LC. Nilivaa koti. Ushahidi niliuleta kwa toroli, na siku tatu ndani ya gari zilikuwa zimeuivisha. Harufu ilitangulia kufika.

Nilieleza vizuri sana. Hajati naye akasema mti ule aliupanda marehemu mumewe, na mafenesi anayouza kule sokoni Bwaise ndiyo yanayolisha wajukuu wake wanne. Akasema fenesi halina macho. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mwenyekiti akaamua. Nilete karatasi ya fundi. Kama fundi anasema ni fenesi lililoharibu paa, mti unakatwa na Hajati anabeba mzigo wa paa. Kama si fenesi, nimwache mama wa watu.

Kisha akauliza ushahidi utafanywa nini, maana utaoza. Hajati akaomba kisu na mafuta ya kupaka mikononi. Kamati yote wakala. Wamekula ushahidi wangu mbele ya macho yangu. Mimi nilionja vipande vitatu tu, nijue ubora wake.

Jumamosi, 10 Mei
Nimepeleka gari gereji ya Okello, Bwaise. Okello ni fundi wa bodi, mdomo mrefu, mkono mzuri. Aliondoa kitambaa cha ndani chote. Kutu. Kutu kila mahali. Akachukua bisibisi akaisukuma, ikapita kama ndani ya ugali.

"Mzee," akasema, "hapa hata kuku angetua angeingia ndani."

Akanionyesha matundu. Manane, mistari miwili, manne kwa manne. Akauliza nani alitoboa. Mimi. Nilitoboa kwa mkono wangu nilipofunga keria ya mizigo, nikaifunga kwa bolti hadi ndani, kazi safi. Keria ilipoibiwa, matundu nikayaziba kwa sabuni ya mche, juu yake rangi. Jeshini tuliziba hata tangi la petroli kwa sabuni. Okello akasema kutu imeanzia hapo. Ati paa lilikwisha zamani, fenesi limekuja tu kwenye mazishi.

Ni kweli maji yalikuwa yanaingia tangu mwaka juzi. Tone moja, tone moja. Tone si maji.

Dawa ni kukata paa lote na kuweka jingine, la gari iliyokufa. Sawa. Nikamwambia aandike karatasi ya LC. Akasema yeye kuandika hapana, niandike mwenyewe, atatia kidole. Nikaandika: Fenesi limeanguka, paa limebonyea, linahitaji kubadilishwa. Hakuna uongo hapo, neno hata moja. Okello alitazama karatasi, akanitazama mimi, akatia kidole. Sikupenda alivyonitazama.

Jumanne, 13 Mei
Nimeshinda. Mwenyekiti alisoma karatasi mara mbili. Mti utakatwa Jumamosi asubuhi. Paa ni juu ya Hajati.

Nilingoja alie. Hakulia. Alikunja kanga yake, akasema, "Haya, Afande. Kaa na ushindi wako."

Nimekaa nao. Chakula cha jioni hakikuwa na chumvi.

Jumatano, 14 Mei
Gereji. Paa la zamani limekatwa. Nimeketi ndani ya Pajero bila paa, jua kichwani, nikisimamia kazi. Mtu wa bodaboda akapita, akaniuliza kama ninagombea ubunge. Mjinga.

Paa jipya ni la kijani. Gari yangu nyeupe. Okello anasema rangi baadaye, chuma kwanza. Nimegombana naye kuhusu puti, lile tope la kuziba mashimo, maana mafundi wa siku hizi wanafinyanga gari kama wanawake wa vyungu. Ameapa hataweka puti, ataunga chuma kwa chuma. Nilibaki nikimwangalia hadi saa kumi.

Nikamwambia paa la zamani alitupe mbali. Akajibu kwamba hapa gereji chuma kilichotoka ni cha fundi, hiyo ndiyo desturi, na tayari kuna mtu amelitaka. Sikuuliza nani.

Ijumaa, 16 Mei
Siku mbaya.

Nimetoka msikitini kwa miguu. Napita kwa Hajati. Nje ya lango lake amejenga kibanda cha mkaa, miti minne. Juu yake, paa langu. Jeupe, limebonyea. Jua linapita kwenye matundu, chini juu ya magunia kuna vidoa vya mwanga. Manne kwa manne.

Alikuwa ameketi hapo, anapima mkaa kwa kopo. Nilitaka kupita haraka. Goti hili halijui haraka.

"Afande," akasema. "Fenesi langu lilikuwa na meno manane?"

Nilisimama. Nilikohoa tu. Mimi, ambaye meja mmoja aliwahi kuniambia nina mdomo wa redio.

Nikamuuliza kama amekwenda kwa mwenyekiti. Akasema hakwenda. Hatakwenda. Mguu wa kwenda, akasema, ni wangu mimi, si wake. Kisha akaendelea kupima mkaa kama vile nimeshaondoka.

Nina hasira. Na Okello. Na huyu mwanamke. Angekwenda kushtaki, ningejua namna ya kupigana naye. Amekaa tu. Adui anayekaa tu, jeshini hawakutufundisha.

Nimevua koti, nimelivaa tena. Mwenyekiti amekwenda mjini, harudi hadi jioni. Vizuri. Hapana, si vizuri.

Jumamosi, 17 Mei
Msumeno wa injini ulianza saa mbili. Mimi nilikuwa nanyoa. Nikatoka na sabuni upande mmoja wa uso.

Tawi lililovuka ukuta wangu lilikuwa limeshaanguka, pamoja na mafenesi yake madogo. Watu wamejaa. Mwenyekiti yuko na kitabu chake. Hajati amekaa kwenye ngazi ya nyumba, wajukuu wote wamebanana nyuma yake.

Nikamwambia yule wa msumeno azime. Hakusikia. Nikatumia sauti ya gwaride. Akazima.

Nilikuwa nimepanga maneno mengine, ya upole, tangu alfajiri. Yalipotea. Nikasema, "Mwenyekiti, hakuna fenesi duniani linaloweza kuharibu gari yangu. Gari yangu nimeiharibu mimi mwenyewe. Matundu manane, nilitoboa mimi, nikaziba kwa sabuni. Karatasi ile niliandika mimi. Fundi ametia kidole tu."

Kisha mtu akacheka, kisha wote. Mwenyekiti hakucheka. Akasema, "Ssebo, mzee wangu, na siku zote hizi ulikuwa wapi?" Akanifokea mbele ya watoto. Miaka sabini na tatu ninayo, nafokewa na mtu niliyemwona akitambaa. Akafuta hukumu, mti ubaki. Paa ni juu yangu. Akaniamuru nimwombe Hajati msamaha.

Nikaomba. Nilisimama wima.

Hajati akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Aliinuka akaenda kuokota mafenesi mabichi chini ya tawi, moja moja, akiyapanga kwenye gunia. Hayakuwa ya kuuzwa hayo.

Nilirudi nyumbani kumalizia kunyoa. Nimejikata.

Jumatano, 21 Mei
Okello amemaliza kuunga. Kazi nzuri, simwambii. Ameniambia nikitaka tena keria nisitoboe, nimwite. Nikamwambia nilikuwa nafunga keria kabla hajazaliwa. Akasema ndiyo, mzee, tumeona.

Mtaani wameanza. Napita, wanahesabu hadi nane.

Ijumaa, 30 Mei
Mvua kubwa tangu asubuhi. Ndani ya gari pakavu. Paa bado la kijani, rangi ikingoja.

Nilikuwa natoka kwenda kwa Okello. Hajati amesimama kwenye lango lake na magunia mawili ya mafenesi yaliyoiva, mwavuli umevunjika. Bodaboda wamekataa. Bwaise maji yamejaa njia. Hatujasalimiana tangu ile Jumamosi, hata macho.

Nikasimamisha gari. Sikumwita. Nilishuka nikafungua nyuma, nikapakia magunia. Mgongo uliniuma, sikuonyesha.

Aliketi kiti cha nyuma, kama mkubwa wa jeshi. Mimi nikaendesha. Maji yalifika nusu ya tairi, nikapita polepole, gia ya pili, bila kurusha tope. Mvua ilipiga juu ya vichwa vyetu. Kwenye kioo nilimwona anatazama juu, mara moja.

Bwaise alishuka. Watu wengi hubamiza mlango ule. Yeye aliufunga taratibu, kwa mikono miwili.