Mkaguzi Ajifunza Kusifu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimechambuliwa bila kuomba. Mama Vifungo, anayeshona vifungo kule chumba cha mwisho, ameniambia wakati wa chai kwamba nikipita kati ya cherehani watu wanabana pumzi. Eti miaka kumi na moja hakuna aliyenisikia nikisema kitu ni kizuri! Nikamjibu: mimi ni mkaguzi. Mshono ukipinda nabandika stika nyekundu, shati linarudi kwa aliyelishona. Ndiyo maana mashati yetu hayarudishwi na wateja. Nikatoka kichwa juu.
Nyumbani neno lake likagoma kunitoka.

Jumanne, 5 Machi
Nimeamua. Neno moja zuri kwa siku — la kweli, siyo "umependeza" kwa mtu aliyevaa gauni la jana. Nimeanza na Mrefu wa cherehani ya sita. Kola yake ilikuwa safi, ncha zote mbili sawasawa. Nikamwendea na shati mkononi. Kuniona tu, akalipokonya na kuanza kufumua! "Samahani, mkaguzi, narekebisha sasa hivi." Nasema acha, ni nzuri — wapi! Mashine zinanguruma, nyuzi zinaruka. Kola yote ikaisha mbele ya macho yangu.
Mama Vifungo alicheka mpaka akakaa chini. Mrefu akaniuliza kosa lilikuwa wapi.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda mikono mitupu. Nikamwambia Mrefu kola yake ya jana ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote mezani kwangu. Akafuta macho kwa shati la mteja. Hilo nalo lilistahili stika, nimelifumbia macho. Najivunia, na naandika wazi: najivunia!

Alhamisi, 7 Machi
Nimempongeza mzee wa pasi kwa mikunjo yake iliyonyooka. Nimempongeza mfagiaji. Watu wananisalimia kwa jina la utani sasa, Asali. Nimetembea kama bibi harusi.
Ndipo Mama Vifungo akanikatiza. Na mdogo wako je?
Mdogo wangu wa tumbo moja anashona mikono ya mashati, cherehani ya kumi na tano. Kazi nilimtafutia mimi. Niliogopa watu waseme nambeba, basi nikambandikia stika hata pale ambapo mwingine ningemwachia. Mama Vifungo anasema mdogo wangu amepata chumba cha kushonea, chake mwenyewe, na mwenye chumba anataka jibu Jumamosi saa sita mchana. Lakini anasita. Eti amesema, dada ndiye anayejua kazi, na kwa dada sijawahi kupita bila stika.
Sikumaliza chai.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekagua shati lake mara nne. Hakuna kosa. Na kusema kweli, mengi ya miaka hii hayakuwa na kosa. Hakuna mwenye mkono kama wake pale ndani, na amefundishwa na mimi!
Nikafika kwenye cherehani yake. Nikawaza, akiondoka nitakaa na nani mapumziko? Nikasema "sawa" nikapita. "Sawa"! Mfagiaji alipata zaidi. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Mdogo wangu amekuja nyumbani asubuhi, saa nne. Hata kabla hajakaa nimemwambia. Mikono unayoshona ndiyo bora niliyowahi kuishika. Nimekuonea miaka yote kwa kuogopa maneno ya watu. Nisamehe, mdogo wangu.
Hakulia. Akaniangalia kama ninavyoangalia mshono.
"Dada, wiki hii umemsifu hata mzee wa pasi. Mimi nitajuaje?"
Akatoa gauni kwenye mfuko. La bluu, ameshona mwenyewe, kwa kipimo changu. Akasema kagua kama unavyokagua kazini. Ukikuta kosa nabaki. Akaingia jikoni kuchemsha chai.
Nimekagua mabega. Kiuno. Zipu. Mtoto huyu! Zipu haionekani kabisa. Kisha pindo — kwa ndani, mshono mmoja umeruka. Mmoja. Mteja asingeuona hata akivaa miwani mbili.
Nikifunga mdomo, sifa yangu ni uongo. Nikisema, anabaki, na Jumatatu tunakunywa chai pamoja kama kawaida.
Nimesema. Sahani imemponyoka. "Si nilijua."
Nikamwambia hujui kitu, sijamaliza. Nimeshika maelfu ya nguo na hii ndiyo ya kwanza niliyotaka iwe yangu. Nikalivaa palepale. Limenikaa! Akasema vua nirekebishe pindo. Nimekataa. Naenda nalo hivihivi kwa mwenye chumba, na njiani atakayeuliza nitamwambia fundi ni nani.
Saa tano na nusu sasa. Naandika nimesimama mlangoni, daftari ukutani, gauni mwilini. Nimemwita mara mbili twende. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anashusha pumzi, ananitazama kuanzia mabegani mpaka chini. Anacheka na kufuta pua.
Amevaa kiatu kimoja.