Leo Usiseme Sijambo

Baba, shikamoo.

Mama wa nyumba ya pili anamwambia kila anayepita kwamba bega lako halikuumia kwenye ile ajali ya gari, eti asubuhi kakuona ukimbebea daktari wa bima mkoba hadi getini. Nilitaka kumjibu, ila baba, kweli umeubeba.

Daktari kauliza, “Hujambo, mzee?” Nawe: “Sijambo, mzima kabisa!” Kaandika. “Na bega?” “Tunamshukuru Mungu.” Kaandika hilo pia. Alipoondoka tu ukapiga ukelele, “Mama yangu!” mpaka paka katoka mbio.

Nimewapigia simu bima nikawabembeleza, wanamleta daktari mwingine alasiri. Huyu naye akiandika u mzima, hawatalipia upasuaji wako.

Uji uko kwenye chupa. Kunywa kwanza, ndipo umeze dawa. ~~Daktari akifika mmiminie chai.~~ Chai nitamimina mimi, wewe usinyanyue hata kikombe.

Naenda kufuata dawa ya kuchua, narudi sasa hivi. Kwa sasa tufanye mazoezi. Baba, hujambo? Niandikie jibu hapa chini, kwa mkono ule usiouma.

Kitindamimba wako

Jibu: ........................