Majina Ndani ya Disketi ya Malaba

Malaba,
17 Septemba 1999

Kwa ndugu yangu Morris,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Amukura, na kwamba mguu umeanza kukubali kukanyaga chini. Shemeji Amuge hajambo? Mihogo mliwahi kuivuna kabla ya mvua? Mimi mwili hauna neno, ila moyo ni mzito.

Barua yako Christabel aliniletea hadi ofisini. Umeniuliza mara tatu katika ukurasa mmoja kama Kampuni ya Kivuko imeshaita watu kazini. Wacha nikueleze kwa mpangilio, maana nikianzia mwisho nitaitupa hii kalamu.

Unamkumbuka meneja wao alivyokuja Machi na kompyuta nne na jenereta. Alisema programu yetu ya kujaza fomu za forodha ni kazi safi, kampuni itaisaidia, na itabaki kuwa ya kila mtu. Disketi ingeendelea kuzunguka kwa mawakala, Malaba mpaka Busia, na kila anayerekebisha kitu aandike jina lake hapo alipogusa, kama tulivyozoea. Tulimpigia makofi. Wewe ulisema huyu anacheka sana kwa mtu asiyetaka kitu, nami nikakuita mwoga. Haya basi.

Ulipokuwa umelazwa baada ya lile lori kukugonga, kampuni moja ya Kampala ilichukua disketi ileile, ikabadilisha rangi za skrini, ikaanza kuiuza upande wa Tororo. Hawakuiba, tuliwapa sisi wenyewe. Lakini Kivuko waliwaka! Meneja akasema hawezi kuwanunulia washindani wake jenereta. Tangu Agosti programu imefungwa, hakuna anayeweza kuifungua ndani na kurekebisha kitu. Mzee Aluka, yule aliyetutengenezea hesabu ya ushuru wa sukari, amerudia taipureta, kwa sababu kompyuta yake inamdai namba ya siri ambayo hajapewa. Tunapishana barabarani na hanisalimii. Inaniuma, jameni.

Sasa hilo la kazi. Kivuko walitaka mtu mmoja tu wa Malaba wa kuitunza programu, kwa mshahara wa kila mwezi na bima ya hospitali. Najua hiyo bima ingekufanyia nini, maana daktari alishakwambia mguu unahitaji kuwekwa chuma. Meneja alisema hatafanya mtihani. Angefungua programu ahesabu majina, na mwenye jina mara nyingi kuliko wengine ndiye fundi wake.

Jina lako lilikuwemo mara kumi na tisa, Morris. Langu mara sita.

Jumatano moja mwishoni mwa Julai, kabla programu haijafungwa, wenzangu walipokwenda kula kwa Mourine, mimi nilisema sina njaa. Nilifuta jina lako, nikaandika langu. Moja nililiacha, ili isionekane ajabu. Haikuchukua hata dakika kumi. Meneja alipolikuta hilo moja akauliza Morris ni nani, nikamwambia ni mtu aliyekuwa akitubebea disketi. Nilianza kazi Jumatatu iliyofuata.

Kwa hiyo usiendelee kungoja, hawatakuita. Mara mbili nimefika mlangoni kwa meneja nimweleze, na mara mbili nimerudi kukaa. Aibu imenishinda nguvu. Ndani ya bahasha hii kuna disketi ya Juni, kabla sijaigusa, na majina yote yamo. Mpelekee wewe. Kiti ninachokalia ni chako, na ukija sitabisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Amuge mwambie mwenyewe, kwa maneno utakayoona yanafaa. Mungu akuponye mguu upesi, uweze kuja.

Ni mimi,
Gordon Onyuka