Mlete Doto Apimwe Macho

Dar es Salaam

Mdogo wangu Masanja,

Mwadila, baba. Hapo Migato mmeamkaje, na mkeo je? Huku tunapumua. Kulwa wako wamemtoa lile jicho, lakini yu hai, ugali anakula kunishinda. Jana alimwuliza Milembe, "Dada, jicho langu litaota tena?" Milembe wangu, daktari aliyesoma mpaka vitabu vikamwogopa, akageukia dirishani.

Ndiyo, daktari! Wa kwanza Migato kuvaa koti jeupe, na anayenuna anune. Alinikalisha akanieleza. Mwilini tuna walinzi, kama sungusungu, wanaozuia nyama isiote ovyo. Wanasimama wawili wawili, mmoja wa kutoka kwa baba, mmoja kwa mama. Akiharibika mmoja, mwenzake anashika lindo. Kulwa alizaliwa mmoja wake ni mbovu tayari. Yule wa pili alipoharibika humo jichoni, kansa ikaota.

Nikauliza, "Huo ubovu umetoka wapi?" Akasema, "Mama, jicho la mjomba lilipotea vipi?"

Watu unawaambia ulichomwa na mwiba ukichunga. Mwiba gani, Masanja? Ulikuwa unanyonya! Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, nikaliona linang'aa weupe kama la paka, mpaka wamisionari wakalitoa. Milembe anasema huenda ni ugonjwa huohuo.

Na wewe ukamfukuza mama mdogo Nkwimba, eti macho yake mekundu ndiyo yaliyomroga mtoto! Yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, akitupikia sisi tulipofiwa na mama. Leo analala kwa watu baki Nyalikungu. Nina uchungu na wewe, sikufichi. Na mimi pia nilinyamaza siku ile.

Sasa sikiliza. Doto na Kulwa ni mapacha wa kufanana kama matone mawili ya maji, kwa hiyo na yeye kazaliwa na ubovu uleule. Ukimwona mzima, usidanganyike. Akiwahi, macho yote mawili yatapona. Mvue hirizi, mlete wiki hii. Usiniambie pamba haijachumwa. Hao wanunuzi wapya wenye malori watangoja au wataondoka, jicho halingoji.

Msalimie mkeo, mama wa mapacha, na katekista wetu anayekusomea barua hii. Nimemwomba aisome kwa sauti, mkeo akiwepo. Usipomleta wewe, mkeo atamleta.

Dada yako aliyekubeba,
Mama Milembe