Nusu ya Picha ya Shosho

Wanjiru wa Guka,

Sasa, mjukuu wangu mrembo? Huku Kaloleni tuko, ni magoti tu yamegoma. Mamako anafuga kuku kwa balkoni huko Pipeline, jogoo anaamsha ploti nzima.

Unasema huko Italia unasomea vile watu waliamka zamani, wakarudia elimu na kuchora binadamu kama anapumua. Umeuliza kama nishawahi kuona hizo picha. Nimeona nusu.

Miaka ya sabini nilikuwa nauza njugu karibu na holi ya hapa Kaloleni. Kwa karatasi za kufungia nilinunua vitabu vizee soko la Gikomba, kila ukurasa naurarua vipande viwili. Siku moja msichana akamwaga njugu zake mkononi, akabaki anaangalia karatasi. Ilikuwa nusu ya picha ya mama wa hiyo miaka unayosomea, ameinamisha kichwa, anaangalia kitu chini. Huyo msichana ndiye alikuja kuwa Shosho, nyanya yako.

"We kaka, nusu ingine iko wapi?"

"Imeenda na kastoma, sista. Nikuongeze njugu?"

"Wacha njugu. Huyu mama anaangalia nini?"

"Anaangalia landlodi akipanda ngazi."

Alicheka, lakini kesho yake akarudi kuuliza tena. Nikamuoa, tukaibandika hiyo nusu kwa ukuta. Hadi Mungu anamchukua alikuwa bado anauliza, na mimi kila Jumapili nina jibu jipya la uongo. Bado nayatunga, lakini sina wa kumwambia.

Hiyo nusu iko ndani ya hii bahasha. Ukuta umebaki na alama. Ukiipata nzima huko, usiniandikie. Kuja, nikupeleke kwa kaburi, umwambie Shosho wewe mwenyewe.

Guka wako wa njugu