Likizo ya Dancille

Mshauri mpendwa, nimekwama, nipe msaada wako hata kama utanigombeza, mimi ni muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, na miaka kumi na mitano nimefanya kazi na Dancille, tulianza na mabeseni kichwani, tunavuka mpaka asubuhi kwenda Goma, wateja wa kule wakituita mapacha, tunarudi tunacheka njia nzima, jamani siku zile zilikuwa tamu, hakuna aliyejua mkataba ni nini, mimi nilikuwa bosi wake lakini tulikula sahani moja. Alipojifungua nilikwenda kumhemba, yaani kumtembelea mzazi kwa zawadi, kama desturi yetu inavyotaka, nikampelekea maziwa, unga wa uji na kitenge kipya, na siku ya tisa, kesho yake baada ya kumpa mtoto jina, akaja mwenyewe kuanika sambaza, mtoto mgongoni, nami nikaona huo ndio upendo.

Sasa wateja wa Goma wamepungua, nimepata mnunuzi wa Nairobi, maana wanasema biashara ya nchi hizi imekuwa huru, lakini anataka karatasi kwamba wafanyakazi wangu wana mikataba na waliozaa walipewa likizo, la sivyo hachukui hata kilo. Nikaandika kwamba Dancille alipumzika kama sheria inavyotaka, nikampelekea atie sahihi, nikidhani kati yetu ni jambo dogo. Ana mimba nyingine ya miezi saba. Alisoma polepole, akanirudishia, akasema: “Mama Mwiza, mi nilikuwa ku kazi na mutoto ku mugongo, we mwenyewe uliniona. Leo unataka niandike kama nilikuwa ku nyumba?” Hajarudi tangu siku hiyo. Mnunuzi anangoja hadi Ijumaa, nami namlilia rafiki yangu kuliko soko. Nimwambie nini ili asaini?

Drocella, Gisenyi

Drocella, pole. Ila swali lako la mwisho limekuumbua: unamlilia rafiki, halafu unaomba sahihi.

Siku zile zilikuwa tamu, sikatai. Hata mimi nilivuka mpaka huo na beseni la nyanya, na nikikumbuka mikate ya moto ya Goma moyo unaniuma. Lakini ulimhemba kama jirani, ukasahau kwamba wewe pia ni mwajiri. Dancille hakurudi siku ya tisa kwa upendo peke yake, dada. Asiyefika hakulipwa, nawe hukumwambia, “Rudi ulale, mshahara wako upo.”

Chana karatasi hiyo leo. Mwandikie mnunuzi ukweli: hatukuwa na mikataba, tunaanza sasa. Akikataa, utatafuta mwingine. Sambaza si mali ya kukosa mlaji. Kisha nenda kwa Dancille umwombe msamaha kabla hujataja kazi. Mpelekee mkataba wa kweli, wenye likizo ya uzazi ya safari hii na mshahara wake, asome mwenyewe, usimharakishe.

Na akisema hataki tena kazi yako, usimbembeleze kwa habari za mapacha wa Goma. Mwandikie barua aende nayo kwa mwajiri mwingine, useme alikufanyia kazi miaka kumi na mitano na hukuwahi kumpa likizo hata siku moja. Hiyo ndiyo karatasi inayohitaji sahihi, na sahihi ni yako.