Seli Zangu Zimemdundia Kidoti

Shoga, pokea simu! Haya, soma basi.

Yule Kidoti, mwenzangu wa maabara, yule aliyekuja juzijuzi tu, na tayari profesa hafurukuti kwake. Leo seli zake za moyo zimedunda. ZIMEDUNDA! Ziko kwenye kisahani, lakini ukizitazama kwa hadubini zinajikunja na kujikunjua kama moyo wa mtu. Mimi mwaka mzima nazilea zangu, zinanifia tu.

Profesa kaita watu wote waje waone. Makofi, vigelegele. Mimi roho inaniuma. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Labda kaigusa meza, ndiyo maana zinatikisika."

Watu wote wakanikodolea macho!

Kidoti akanigeukia kwa upole. "Dada, hizi ni zako. Ni zile ulizoniambia nizimwage, ukasema zimekufa. Nikaona nizibadilishie chakula, nizisubiri kidogo."

Nizisubiri kidogo! Mbele ya profesa!

Nikainamia hadubini nifiche uso, nikaziona. Zinadunda kweli, zote kwa pamoja. Machozi yakanitoka, wao wakadhani ni furaha.

Na hujasikia kubwa. Profesa kauliza jina la nani litangulie kwenye makala ya utafiti. Kidoti hata hakufikiri. "La dada."

La dada!

Sasa nimchukie kwa lipi, shoga? Niambie wewe, maana kumchukia nataka, na pa kuanzia sina.